Swichi ya Throto: Ipimwe Kwanza, Inunuliwe Baadaye

Maandishi ya mazungumzo kwa wamiliki, madereva na mafundi wa magari ya zamani, Kilwa Masoko

 

Nimetumwa na Tume ya Ushindani nizungumze nanyi juu ya haki za mlaji katika matengenezo ya magari. Haki hizo mtazisoma kwa ukamilifu katika kijitabu mtakachogawiwa, nami sitazihesabu hapa moja baada ya nyingine. Nimeona heri nichukue kifaa kimoja tu, kidogo kiasi cha kuenea katika kiganja, na kupitia kifaa hicho tuone namna fedha ya mlaji inavyoweza kupotea gereji bila mtu yeyote kuwa amekusudia kumwibia. Kifaa chenyewe ni swichi ya throto, ambayo mafundi wengi huiita sensa ya throto.

Nimekichagua kwa sababu ya mahali tulipo. Mtu wa Dar es Salaam akiuziwa spea isiyofaa asubuhi, huirudisha Gerezani alasiri. Mtu wa Masoko, Kivinje au Njinjo huiagiza kwa simu, hulipa kwa simu, kisha huingoja kituoni ifike na basi kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 300. Ikifika na isiposaidia, kuirudisha ni gharama nyingine na siku nyingine. Tena mnakumbuka mafuriko ya mwaka 2024 yalivyoikata barabara yetu maeneo ya Somanga. Siku zile hata spea iliyo sahihi haikuwa na njia ya kufika. Kwa hiyo huku kwetu kipimo cha dakika kumi kabla ya kununua kina thamani kubwa kuliko kilivyo mjini.

Tuanze na kazi ya kifaa hiki. Unapokanyaga pedali ya mafuta katika gari la petroli, kwa hakika hukanyagi petroli. Unafungua njia ya hewa. Pedali huvuta kebo, kebo huvuta mkono mdogo wa chuma, na mkono huo huzungusha bamba la duara lililo ndani ya koo la injini. Koo hilo pamoja na bamba lake ndiyo throto. Hewa ikishaingia, petroli huifuata. Katika magari ya kabureta huifuata kwa kuvutwa na hewa yenyewe. Katika magari ya nozeli huifuata kwa amri ya kontroliboksi, na kontroliboksi haina macho. Haijui kama mguu wako uko juu ya pedali au umeuondoa mpaka iambiwe. Mwambiaji ni swichi hii, iliyofungwa kwenye ncha ya mhimili wa bamba, ikizunguka pamoja nalo.

Habari yake ya kwanza ni hii: mlango umefungwa, dereva ameondoa mguu. Kwa habari hiyo kontroliboksi hutawala sailensi, hupanga wakati wa cheche, na gari linapoteremka kilima likiwa ndani ya gia hukata petroli kwa muda. Habari ya pili ni kiasi ambacho mlango umefunguliwa. Katika mitambo ya mwanzo ya Wajerumani, kama ile ya Bosch iliyofungwa katika Volkswagen 1600 mwaka 1967, hii ilikuwa swichi ya miguso tu. Toyota za miaka ya 1990 mwanzoni, ambazo ndizo nyingi miongoni mwa magari yetu ya zamani ya petroli, mara nyingi huunganisha mawili ndani ya kasha moja: mguso wa mlango kufungwa, na kipimo kinachobadilika kadiri bamba linavyofunguka. Ndiyo maana wengine husema swichi na wengine sensa, na wote wamesema kweli.

Mwenye Land Rover 109 ya petroli, au pikapu yoyote ya kabureta ya kawaida, asihangaike kukitafuta, hakimo. Kadhalika Land Cruiser za dizeli zenye pampu ya kawaida. Naliweka wazi hilo mapema, kwa kuwa mlaji asiyejua kilichomo ndani ya gari lake ni rahisi kuuziwa kisichomo.

Swichi ikikosea habari, gari huonyesha dalili ambazo dereva huzitambua kabla ya fundi. Sailensi hupanda na kukataa kushuka, au injini huzima pale unapoondoa mguu ukikaribia njia panda ya Nangurukuru. Gari huchelewa kuchanganya, au hushtukashtuka katika mwendo mdogo. Gari la otomatiki huweza kubadili gia mapema mno au kwa kuchelewa. Kuna dalili moja ambayo ikitokea yatosha kumfanya fundi mwenye uzoefu aitazame swichi kabla ya kitu kingine: ukipiga resi na kuishikilia, injini hupanda, hukatika, hurudi, hukatika tena, kama mtu anayevuta pumzi. Hapo mguso wa mlango kufungwa umeganda. Kontroliboksi inaamini umeondoa mguu huku injini ikienda kasi, basi hukata petroli. Mizunguko ikishuka huirudisha, kisha hukata tena.

Dalili hizo si jambo la starehe. Gari linalozima ghafla wakati dereva anapita lori kati ya Somanga na daraja la Matandu ni hatari kwa waliomo na kwa wanaokuja mbele. Ikiwa gari ni la abiria, si haki kuendelea nalo kwa maneno ya «limezoea».

Sasa nifike kwenye kiini cha mazungumzo haya. Mara nyingi swichi inayotuhumiwa haijafa. Imepotezewa mahali pake, au imeziba kutu kwenye plagi ya nyaya zake. Na jinsi inavyopotezewa mahali pake ni kisa ambacho wengi wenu mtakitambua.

Throto huchafuka. Moshi na mvuke wa oili huacha masizi meusi kuzunguka ukingo wa bamba, na upenyo mdogo wa hewa ya sailensi huziba. Gari huanza kuzima likisimama. Mwenye gari analipeleka gereji, naye fundi, badala ya kusafisha, huona skrubu ndogo inayouzuia mkono wa throto usirudi hadi mwisho. Huikaza kidogo. Bamba hubaki wazi kiasi cha unywele, hewa huingia, sailensi hupanda, gari halizimi tena. Mteja hufurahi na kulipa. Lakini kuanzia saa ile bamba halifungiki hadi mahali lilipopangwa kufungika, na mguso wa swichi haugusi tena. Kontroliboksi haipati kamwe habari kwamba dereva ameondoa mguu. Sailensi haitawaliki, na petroli haikatwi mteremkoni. Baada ya wiki kadhaa gari hurudi gereji na malalamiko mapya. Hapo husemwa swichi imekufa. Huagizwa swichi. Hufungwa. Tatizo liko palepale, kwa sababu skrubu iko palepale. Ndipo jina la kontroliboksi huanza kutajwa, na bei ya kontroliboksi hamhitaji niwaambie.

Skrubu ile ilipimwa kiwandani, na mara nyingi utakuta juu yake alama ya rangi au gundi. Rangi ikiwa imepasuka, kuna mkono uliopita hapo. Hilo ni jambo ambalo mwenye gari anaweza kulitazama kwa macho yake, bila chombo chochote, kabla ya kukubali spea iagizwe.

Sababu ya pili ni bahari. Hewa ya Masoko na Kivinje ina chumvi, na visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi. Tunapeleka pikapu kuchukua samaki, maji yanachuruzika, jioni tunaosha injini kwa mpira na maji yaleyale ya kisima. Plagi ya swichi ya throto ina pini nyembamba ambazo ukungu mdogo wa kijani watosha kuzipotosha. Plagi ikichomolewa, ikatazamwa, ikasafishwa kwa dawa ya kusafishia umeme na kukaushwa, matatizo mengine huishia hapo. Kuosha injini si lazima kila wiki. Na inapooshwa, throto na plagi zake zifunikwe kwa nailoni.

Vipimo sasa. Nitavieleza kwa urefu, si kwa nia ya kumfanya kila mwenye gari awe fundi. Nataka akisimama pembeni ajue kama kazi aliyoilipia imefanyika.

Katika Toyota nyingi za kipindi hicho, chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna matundu yenye majina. Fundi huunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, huwasha ufunguo bila kuwasha injini, na taa ya injini kwenye dashibodi huanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa vipindi sawa, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara 4, ikatua, kisha mara 1, hiyo ni namba 41, nayo inahusu mzunguko wa sensa ya throto. Namba 51 huweza kutokea mguso wa mlango kufungwa usipofunga, ingawa hutokea pia mtu akiwa amekanyaga pedali au amewasha kiyoyozi wakati wa kupima, hivyo isichukuliwe kuwa hukumu. Angalieni pia kwamba namba 41 hailaani swichi peke yake; inalaani swichi, nyaya na plagi kwa pamoja. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala kompyuta, na mteja anaweza kuzihesabu pepesi hizo mwenyewe.

Kisha huja testa. Ufunguo uzimwe na plagi ya swichi ichomolewe. Swichi ya Toyota yenye pini 4 kwa kawaida ina VC, VTA, IDL na E2. Testa ikiwekwa kati ya IDL na E2 huku mlango umefungwa, umeme upite. Mlango ukifunguliwa kidogo, usipite. Testa ikihamishiwa VTA na E2, kisha throto ikafunguliwa polepole kwa mkono, kipimo kipande kwa utulivu toka mwanzo hadi mwisho. Kikiruka au kupotea katikati, hapo njia ya ndani imelika, na hakuna marekebisho yatakayoiponya. Swichi hiyo inunuliwe nyingine.

Lakini ikiwa kipimo kinapanda vizuri na tatizo ni mguso tu, irekebishwe. Hapa fundi anahitaji filageji, zile bamba nyembamba za kupimia nafasi, ambazo aliyezoea kurekebisha valvu lazima anazo. Nafasi hupimwa kati ya skrubu ya kusimamishia na mkono wa throto. Nichukue mfano wa injini ya 3S-FE, iliyokuwamo katika Camry za wakati huo na RAV4 za mwanzo. Bamba la milimita 0.50 likiingizwa, umeme upite kati ya IDL na E2. La milimita 0.70 likiingizwa, usipite. Ikiwa sivyo, skrubu mbili zinazoshika swichi hulegezwa, bamba la 0.60 huingizwa, testa huunganishwa IDL na E2, na swichi huzungushwa taratibu kufuata mwendo wa saa mpaka sindano icheze. Hapo hapo skrubu hukazwa, na kipimo cha 0.50 na 0.70 hurudiwa, kwa kuwa swichi hupenda kusogea wakati wa kukaza.

Vipimo hivyo si vya kila gari. Injini ya 22R-E ya Hilux, kwa mfano, hupimwa kwa 0.57 na 0.85. Fundi afuate kitabu cha injini iliyo mbele yake. Akikadiria kwa jicho, hajarekebisha, amebahatisha.

Kabla ya hayo yote kuna mpangilio wa kuheshimiwa. Throto isafishwe. Kebo ya pedali ihakikishwe ina ulegevu mdogo na haiuvuti mkono. Mipira ya hewa ikaguliwe kama imepasuka, kwani mpira uliopasuka hupandisha sailensi vilevile. Skrubu ya kusimamishia ikiwa imechezewa, irudishwe kwanza mahali pake. Anayeanza na swichi huku hayo hayajafanyika anairekebisha ili ikubaliane na kosa. Na zile skrubu mbili za swichi, kwa chumvi ya huku, huwa zimeshika. Zipewe oili ya kulegezea na muda, tena bisibisi iwe ya saizi yake, maana kichwa kikishaliwa kazi ya nusu saa hugeuka ya siku nzima.

Mwisho wa kazi, fyuzi iliyoandikwa EFI hutolewa kwa sekunde 10 au zaidi ili kosa la zamani lifutike, kisha pepesi zihesabiwe upya mbele ya mwenye gari.

Ikiwa vipimo vimeonyesha kwamba swichi lazima inunuliwe, agizeni kwa namba. Swichi za throto za Toyota zina namba inayoanza na 89452, ikifuatiwa na tarakimu nyingine tano, na tarakimu hizo tano ndizo zinazotofautisha injini na injini. Piga picha ya swichi ya zamani, ya namba yake na ya plagi yake, umtumie muuzaji, na umtake naye akutumie picha ya anayoipakia kabla hujalipa. Muulize waziwazi: ni mpya halisi, ni mpya ya kuiga, au ni ya mtumba iliyotolewa katika gari lililokatwa? Jibu libaki kwenye ujumbe wa simu, lisibaki hewani. Maoni yangu mwenyewe ni kwamba mtumba halisi uliopimwa kwa testa huweza kufaa kuliko mpya ya kuiga iliyotiwa katika boksi zuri. Lakini uuzwe kama mtumba na kwa bei ya mtumba. Kuandika jina la kampuni nyingine juu ya boksi ni kosa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ndiyo inayotumika dhidi ya bidhaa bandia za namna hiyo. Tume ndiyo inayoisimamia.

Risiti idaiwe, ya spea na ya kazi. Najua fundi wa chini ya mwembe hana mashine ya risiti. Basi aandike katika karatasi: tarehe, namba ya gari, tatizo lililoletwa, alichopima, alichobadilisha, kiasi alicholipwa, na sahihi yake. Swichi ya zamani irudishwe kwako, hata kama haina kazi. Hiyo ni mali yako, na ndiyo ushahidi pekee kwamba ilikuwa mbovu. Fundi anayekataa kurudisha kifaa cha zamani ajibu swali la sababu.

Mafundi mliopo hapa msinione nimekuja kuwasema. Karatasi hiyo inawalinda ninyi pia. Mteja akiliosha gari kwa maji ya kisima wiki ijayo na plagi ikaota kutu, karatasi itaonyesha kuwa vipimo vilikuwa sawa siku gari lilipotoka mikononi mwenu. Na fundi anayemwambia mteja «swichi yako nzima, nilipe ufundi wa kupima tu» anastahili kulipwa ufundi huo bila kunung'unikiwa. Tukizoea kulipia spea tu na kuona kupima ni bure, tunawafundisha mafundi wetu kuuza spea.

Kosa likitokea, anza kwa muuzaji au fundi mwenyewe, kwa adabu na mapema. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kupotosha na kuhadaa katika biashara, na mlaji anayo haki ya huduma iliyofanywa kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Msipoelewana, leta malalamiko Tume kwa maandishi, ukiambatanisha risiti, ujumbe wa simu, uthibitisho wa malipo, stakabadhi ya mzigo wa basi, boksi na vifaa vyote viwili, cha zamani na kipya. Malalamiko yenye vitu hivyo yana pa kuanzia. Yasiyo navyo hubaki neno la mtu dhidi ya neno la mtu.

Limebaki swali moja, nililoulizwa na mzee mmoja tulipokuwa tukipanga viti: je, gari la mwanaye, jipya kidogo kuliko haya, lirekebishwe vivyo hivyo? Mzee wangu, tazama kwanza kama kuna kebo kati ya pedali na throto. Kama hakuna, bamba linasukumwa na mota ya umeme, na sensa zake hazirekebishwi kwa filageji wala kwa bisibisi. Wakati wa kuisafisha, mtu asilisukume bamba kwa kidole wala kwa bisibisi, na ufunguo uwe umezimwa. Gari hilo lipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia inayolisoma, na karatasi ya matokeo aichukue mwanao.